Sura ya Tano: Historia Iliyo Tumboni mwa Redio

Juni 1915, kikosi cha jeshi la Uingereza kilivuka Ziwa Victoria kwa meli kutoka Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba. Shabaha yao kuu ilikuwa kituo cha simu ya upepo ambacho Wajerumani walikijenga pale mjini kwa ajili ya kuwasiliana na vituo vyao vingine. Mji ulitekwa, mnara ukaangushwa, kikosi kikapanda meli kikarudi kilikotoka. Safari nzima ya kijeshi, pamoja na watu waliokufa kwa ajili yake, ilikusudia kuunyamazisha mtambo mmoja usioweza kuhamishwa.

Haikupita miaka thelathini, kiwanda kimoja cha Chicago kikawa kinatoa redio yenye uzito wa kilo 2.3, ambayo askari aliishika kwa mkono mmoja na kuiweka sikioni kama simu. Kati ya mnara wa Bukoba na kifaa hicho kipo kisa kirefu cha wahandisi, viwanda, majeshi na majasusi, na sehemu kubwa ya kisa hicho imesimuliwa ovyo. Wapo watu waliojitwisha kazi ya kukisimulia upya kwa ushahidi. Wengi wao si wanahistoria kwa taaluma. Ni mafundi wastaafu, maopereta wa zamani wa jeshini, waongozaji wa redio za ridhaa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Silaha zao ni bisibisi, kioo cha kukuzia na subira.

Swali wanaloulizwa kuliko yote ni hili: nani aligundua redio ya mkononi?

Ukiuliza Kanada, utatajiwa Donald Hings. Huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1907, akakulia Kanada, akafanya kazi katika kampuni ya uchimbaji na uyeyushaji wa madini huko British Columbia. Mwaka 1937 alitengeneza redio ya kubebeka kwa ajili ya marubani na wapima ardhi waliokuwa wakienda misituni, mahali ambapo ndege ikianguka hakuna wa kuambiwa. Vita vilipoanza aliitwa Ottawa kulihudumia jeshi, na huko ndiko ilikotoka redio yake ya C-58, iliyobebwa na askari wa miguu.

Ukiuliza kwingine utatajiwa Al Gross, mzaliwa wa Toronto aliyelelewa Cleveland, Marekani. Mwaka 1938, angali kijana mdogo, alikuwa amekwisha kuunda redio ya mkononi ya kupokea na kurusha. Baadaye alijulikana pia kwa kazi yake ya awali kwenye peja. Mchoraji Chester Gould, aliyekuwa akichora katuni za mpelelezi Dick Tracy, alimtembelea akaona kazi zake, na mwaka 1946 Tracy akaanza kuvaa redio kwenye kifundo cha mkono. Watoto wengi wa Marekani waliiona redio ya aina hiyo kwenye katuni kabla ya kuiona duniani.

Motorola nao wana kisa chao. Mwaka 1940, wakati bado wanaitwa Galvin Manufacturing Corporation, wahandisi wao walikwenda kutazama mazoezi ya kijeshi huko Camp McCoy, Wisconsin, wakaona askari wakitaabika na mitambo mizito isiyofaa kwa mtu anayekimbia. Walirudi Chicago wakaanza kazi ya redio ambayo jeshi liliipa jina SCR-536. Lakini jeshi lenyewe halikuwa limelala. Maabara za Kikosi cha Mawasiliano huko Fort Monmouth, New Jersey, zilikuwa zimeunda redio ya mgongoni ya SCR-194 na ndugu yake SCR-195 katikati ya miaka ya 1930, kabla Hings hajaunda ya kwake, na askari walikuwa wakitembea nazo huku wakizungumza.

Mtafiti makini akishayapanga hayo yote kwa tarehe, anagundua kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Redio ya kubebeka haikutoka kichwani mwa mtu mmoja. Ilidai valvu ndogo zisizokula umeme mwingi, betri kavu zilizovumilia, fuwele za kwatzi zilizokatwa kwa usahihi, na mnunuzi aliyekuwa tayari kulipia maelfu. Vitu hivyo vilipokutana, watu waliokuwa mbali mbali, kila mmoja na shida yake, walifika mahali pamoja. Hings alikuwa na rubani aliyepotea msituni. Fort Monmouth walikuwa na askari wa miguu. Gross alikuwa na hamu yake tu. Kumvika mmoja wao taji ni kuwanyang'anya wengine haki yao.

Heshima ya ugunduzi ikishawekwa pembeni, kazi yenyewe inaanza, na kazi hiyo iko kwenye meza, mbele ya kasha la chuma lililochubuka rangi.

Chukua SCR-536. Kasha lake la alumini lina umbo la tofali jembamba. Upande wa juu pana mahali pa sikio, chini pana mahali pa mdomo, na swichi ya kubonyeza ili kuzungumza iko ubavuni. Haina kitufe cha kuwashia. Askari aliivuta antena juu, na kitendo hicho ndicho kilichoiwasha. Akiirudisha antena ndani, redio inazima. Ndani zimo valvu tano, na betri mbili: moja ya volti 1.5 kwa ajili ya kuzipasha moto nyuzi za valvu, nyingine ya volti 103.5 kwa kazi nyingine zote. Ilifanya kazi kwenye kituo kimoja tu kati ya MHz 3.5 na 6, kwa mfumo wa AM, na mwongozo ulikadiria kwamba sauti ingefika karibu kilomita moja na nusu nchi kavu, na mbali zaidi juu ya maji.

Ili kubadilisha kituo, fundi alilazimika kufungua kasha, kung'oa fuwele, kubadilisha koili na kurekebisha saketi upya. Askari wa mstari wa mbele hakuweza kuifanya kazi hiyo chini ya mti huku risasi zikipita. Kwa hiyo mtafiti anayekuta fuwele zikiwa bado zimo ndani ya redio iliyofungwa tangu vitani anakuwa amepata kitu kikubwa: kila fuwele imeandikwa masafa yake, na masafa hayo ndiyo yaliyotumika mara ya mwisho. Akipata pia jedwali la masafa ya kikosi fulani kwenye hifadhi ya nyaraka, anaweza kuvioanisha viwili hivyo. Muuzaji wa mnadani anayezitoa fuwele ili aziuze peke yake anaharibu ushahidi huo kwa dakika moja.

Ushahidi wa kwanza, hata hivyo, uko nje, kwenye kibao kidogo cha bati. Vibao vya Kikosi cha Mawasiliano cha Marekani vina utaratibu ambao ukishaujua unakusimulia mengi. SCR ni mtambo mzima pamoja na vyote vinavyoandamana nao. BC ni sehemu mojawapo ya mtambo huo. Ndiyo maana redio ya mkononi ya SCR-536 ina kibao kilichoandikwa BC-611, na wanunuzi wageni hudhani wameuziwa kitu tofauti. Chini yake huwa pana namba ya oda, ikifuatwa na neno kama PHILA, yaani bohari ya Philadelphia iliyotoa mkataba, kisha tarakimu mbili za mwaka. Hapa wengi huteleza. Mwaka huo ni mwaka wa fedha wa serikali, ambao enzi hizo ulianza Julai mosi. Oda ya 43 huenda ilisainiwa Agosti 1942, na redio yenyewe ikatoka kiwandani mwaka uliofuata.

Kuanzia 1943 mambo yalibadilika tena. Jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani walikubaliana kutumia mfumo mmoja wa majina, ule unaoanza na AN, ambamo kila herufi ina kazi yake. PRC ni kifaa cha kubebwa na mtu, cha redio, cha mawasiliano. Kutoka hapo ndipo zilipokuja AN/PRC-6 na AN/PRC-10 za enzi za vita vya Korea, kisha AN/PRC-25 na AN/PRC-77 za Vietnam. Mbili hizi za mwisho zinafanana kwa sura hata waliozibeba walizichanganya, ila ndani PRC-25 ilibakiwa na valvu moja, na PRC-77 ikawa ya transista tupu. Anayetaka kujua enzi ya valvu ilikufa lini mgongoni mwa askari na azifungue hizo mbili.

Waingereza walitia alama ya mshale mpana kwenye mali ya serikali, na Wakanada wakauweka mshale huohuo ndani ya herufi C. Wajerumani walikuwa wasiri zaidi. Walificha majina ya viwanda vyao nyuma ya vifupisho vya herufi ndogo, kwa kuogopa kwamba adui akikamata redio atajua pa kudondosha mabomu. Leo orodha za vifupisho hivyo zinapatikana, na mtafiti anaweza kuufuata mtambo hadi mji ulikotengenezwa.

Ukishamaliza kibao, ingia ndani. Kanuni ni moja na haina huruma: redio haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kipande chake cha asili kilichotengenezwa mwisho. Viwanda vya Marekani vilikuwa na namba zao za utambulisho zilizopigwa kwenye spika, transfoma na vidhibiti sauti: 274 ni RCA, 188 ni General Electric, 137 ni CTS. Tarakimu zinazofuata zinaonyesha mwaka na wiki. Mtu akikuonyesha redio akiapa kwamba ilishuka ufukweni Normandy Juni 1944, halafu kidhibiti sauti chake kikaonyesha wiki ya arobaini ya mwaka huohuo, ama kipande kimebadilishwa na fundi baadaye, ama babu yake alikuwa na redio nyingine. Namna ya kuamua kati ya hayo mawili ni kutazama risasi ya kuunganishia. Kazi ya kiwandani ina mng'aro na mpangilio ambao mkono wa fundi wa mtaani huuiga kwa shida.

Kuna alama nyingine ambayo wengi huifuta kwa kitambaa wakidhani ni uchafu: herufi MFP, zilizogongwa kwa muhuri pamoja na tarehe. Katika vita vya Pasifiki, majeshi yaligundua kwamba adui mmojawapo wa redio ni hewa yenyewe. Unyevu na kuvu viliingia kwenye waya na koili, na mitambo iliyokuwa mizima kwenye bohari ikafa baada ya wiki chache porini. Dawa yake ilikuwa kunyunyizia saketi vanishi yenye sumu ya kuvu, na kila kifaa kilichotibiwa kiligongwa muhuri huo. Kwa mtafiti, muhuri wa MFP ni ushahidi kwamba kifaa kilitayarishwa kwa nchi za joto, na lini. Asiusugue.

Kwa upande wa karatasi, nguzo kuu ni miongozo ya kiufundi ya jeshi. TM 11-235 ndio wa SCR-536, na TM 11-242 ni wa SCR-300, redio ya mgongoni. Miongozo hii ilichapishwa zaidi ya mara moja, na thamani yake kubwa iko kwenye tofauti kati ya toleo na toleo: saketi iliyobadilishwa, onyo jipya, orodha ya vipuri iliyoongezeka. Kila badiliko lina malalamiko nyuma yake, na malalamiko yenyewe yamo kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Marekani huko College Park, Maryland, katika kundi la nyaraka namba 111, la Ofisi ya Mkuu wa Kikosi cha Mawasiliano. Uingereza nako kuna hifadhi ya nyaraka ya Kew, na jumba la makumbusho la Royal Signals huko Blandford, Dorset. Kwa vifaa vya majeshi ya Uingereza, vitabu vya Louis Meulstee vinavyoitwa Wireless for the Warrior vimekuwa mahali pa kuanzia kwa kila mtu anayeheshimu kazi hii, kwa kuwa aliviandika akiwa na mtambo, mwongozo na picha mezani kwa pamoja.

SCR-300 yenyewe inastahili kuzungumziwa kidogo, maana ndiyo iliyobadilisha vita vya miguu kuliko nyingine. Timu ya Galvin iliyoiunda ilikuwa na Daniel Noble, profesa aliyeamini kwamba mfumo wa FM ndio unaofaa, na Henryk Magnuski, mhandisi wa Kipolandi aliyekuwa Marekani mwaka 1939 wakati nchi yake ilipovamiwa, akabaki hukohuko. Marion Bond, Lloyd Morris na Bill Vogel walikamilisha timu hiyo. Redio yao ilikuwa na valvu 18 na vituo 41 kati ya MHz 40 na 48. Uzito wake ulikuwa kilo 14 na nusu au 17, kutegemea askari amebeba betri ndogo au kubwa. Ilifika karibu kilomita tano, na kwa sababu ya FM, mlio wa injini na radi haukuimeza sauti. Karibu 50,000 zilitengenezwa.

Sasa weka SCR-300 na SCR-536 mezani pamoja. Moja ni FM ya MHz 40, nyingine ni AM ya MHz 4 au 5. Haziwezi kuzungumza. Ya mkononi ilikuwa ya kiongozi wa platuni kumfikia kamanda wa kampuni, na ya mgongoni ilikuwa ya kampuni kuifikia batalioni. Lakini katika filamu ngapi za vita tumeona jamaa aliyeshika ya mkononi akimwita mwenzake mwenye ya mgongoni, na akajibiwa? Filamu zinatufundisha historia nyingi kuliko shule, na kwa redio zimetufundisha vibaya.

Mfano mkubwa wa upotoshaji huo ni Arnhem. Septemba 1944 Divisheni ya Kwanza ya Anga ya Uingereza ilishushwa Uholanzi ili kuteka daraja la mto Rhine. Mawasiliano yakakatika tangu siku ya kwanza. Jenerali Urquhart, kamanda wa divisheni, alitoka mwenyewe kwenda kuwatafuta makamanda wake, akajikuta amenaswa ndani ya nyumba huku adui wamejaa nje. Filamu ya A Bridge Too Far ya mwaka 1977 iliwapa watazamaji jibu jepesi: redio zilikuja na fuwele zisizo zake. Jibu hilo limesambaa, na mpaka leo linarudiwa hata na watu walioisoma vita hiyo kwa kina.

Ifungue redio. Mtambo uliobeba mzigo mkubwa wa mawasiliano ya divisheni ulikuwa Wireless Set namba 22, na huo hutafuta masafa kwa kuzungusha kidude, kati ya MHz 2 na 8. Hausubiri fuwele. Tatizo la masafa yasiyo sahihi lilikuwepo kweli, ila liliwakuta Wamarekani wachache waliotumwa pale na redio za VHF ili kuziita ndege za mashambulizi. Tatizo la divisheni lilikuwa jingine. Maeneo ya kushukia yalikuwa karibu kilomita 13 kutoka darajani, na umbali huo ulizidi uwezo wa redio hizo kwa sauti. Katikati palikuwa na miti na majumba, na usiku masafa yale ya chini yalijaa vituo vyenye nguvu kutoka sehemu nyingine za Ulaya. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa ilikatika mara kifuniko kilipofunguliwa. Tena ukweli huu ni mzito kuliko ule wa filamu. Fuwele zikikosewa, kosa ni la karani wa bohari. Watu wakitumwa mbali kuliko redio zao zinavyofika, kosa ni la mpango.

Vifaa vya majasusi vina ugumu wake, kwa sababu wenye navyo walijitahidi visiache alama. Idara ya siri ya Uingereza, SOE, iliwapa maopereta wake redio ya Type 3 Mark II, ambayo wengi huiita B2. Iliundwa na Meja John Brown, ikatiwa ndani ya sanduku la kawaida la safari, yote ikiwa na kilo kama 15, na ilitoa wati 20, za kutosha Morse ivuke bahari. Iliweza kutumia umeme wa nyumbani au betri ya gari. Adui alipozoea sura ya masanduku hayo, yakaanza kutafutwa masanduku makuukuu ya wenyeji.

Noor Inayat Khan alikuwa mwanamke wa kwanza opereta wa redio kutumwa na idara hiyo Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani. Alifika Juni 1943. Wenzake walikamatwa mmoja baada ya mwingine, naye akabaki Paris akihama nyumba kwa nyumba na sanduku lake, kwa sababu magari ya Wajerumani yalikuwa yakizunguka kutafuta mahali sauti inapotoka. Alikamatwa Oktoba, akauawa kambini Dachau Septemba 1944. Faili yake imo Kew, katika mfululizo wa HS 9. Bahati mbaya moto wa mwaka 1946 kwenye ofisi za SOE mtaa wa Baker ulikula karatasi nyingi. Hivyo masanduku yaliyosalia yana uzito mara mbili: ni vifaa, na ni karatasi zilizobaki.

Siri nyingine zilifichuka kwa kuchelewa mno. Marekani ilikuwa na mfumo ulioitwa Joan-Eleanor, kazi ya DeWitt Goddard na Stephen Simpson waliotoka RCA, ambao Al Gross naye alishirikishwa. Jasusi aliyekuwa chini alishika redio ndogo iitwayo Joan, na ndege ya Mosquito ikapita juu zaidi ya mita 9,000 ikiwa na Eleanor. Walitumia masafa karibu na MHz 260, ambayo hayapindi wala hayasambai ardhini, kwa hiyo magari ya kusaka hayakusikia kitu. Jasusi alizungumza kwa mdomo, bila Morse, na maneno yake yakarekodiwa angani. Mfumo huo ulifanya kazi Uholanzi Novemba 1944. Nyaraka zake zilibaki siri hadi 1976. Kwa miaka zaidi ya thelathini, mtu yeyote aliyeandika historia ya redio za mkononi aliandika bila kujua kwamba kitu hicho kilikuwepo.

Vita vilipokwisha, redio hizi ziliuzwa kwa bei ya chini. Nyingine zilipata maisha mapya yenye heshima. Mwaka 1947 chelezo cha magogo cha Kon-Tiki kilivuka Pasifiki kwa siku 101 kikiwa na Knut Haugland na Torstein Raaby, maopereta waliotoka kwenye upinzani wa siri wa Norway, na sanduku la B2 lilikuwa miongoni mwa mitambo yao. Ishara yao ya wito ilikuwa LI2B, na waongozaji wa redio za ridhaa waliisikia kutoka mbali sana. Lakini redio nyingi zaidi zilichinjwa ili zitoe valvu, au zikachimbwa matundu mapya, zikapakwa rangi.

Hapo ndipo palipo na mgogoro wa kweli kati ya watu wa kazi hii. Wapo wanaotaka redio izungumze tena. Hubadilisha kapasita zilizovuja, huunga betri ndogo za volti 9 kwa mfululizo ili kupata volti zaidi ya mia moja, na siku wakisikia sauti kwenye spika wanaona wametenda haki. Wapo wanaosema kila kapasita iliyotolewa ni ukurasa uliochanwa. Wote wana hoja, ila ushauri wa pili una faida kwa wasiozaliwa bado. Piga picha kabla ya kugusa, kila upande, kila namba. Kipande ulichokitoa kiweke kwenye bahasha, andika kilikotoka, kifungie ndani ya kasha. Ukifanya hivyo unaweza kuifufua redio na historia yake ikabaki. Na ujihadhari: volti 103 si mchezo, kapasita kuukuu hutunza umeme hata mtambo ukiwa umezimwa, na baadhi ya mita na alama zing'aazo gizani kwenye mitambo ya zamani zilipakwa rangi yenye radiamu, ambayo haifai kukwaruzwa wala kuvutwa puani.

Mambo haya yanaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944 ikapita bonde la Kabaw katika mvua kubwa, mahali ambapo bila redio kikosi kilikuwa kipofu na kiziwi. Baada ya vita, redio za masafa mafupi zilikaa katika vituo vya polisi vya mipakani, misheni, hifadhi za wanyama na zahanati za mbali. Shirika la madaktari warukao lililoanzishwa mwaka 1957, ambalo leo tunalijua kama Amref, liliitwa kwa redio na hospitali za vijijini kwa miaka mingi kabla ya simu za mkononi. Kuna watu waliookolewa kwa sababu muuguzi fulani alijua kubonyeza swichi na kuita Nairobi saa ya wito.

Mitambo hiyo inaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, inapimwa kwa kilo. Madaftari ya wito, yaliyoandikwa kwa mkono, saa, jina la kituo na ujumbe, yanachomwa ofisi inapopakwa rangi. Maopereta waliostaafu wanazeeka, na wengi hawajaulizwa hata mara moja walikuwa wakiita nani, kwa masafa gani, na betri zao walizichaji wapi.

Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwenu, kituoni kwenu au parokiani kwenu iko redio ya aina hii, usiiuze kabla hujapiga picha kibao chake na ndani yake. Usitenganishe kasha, fuwele, kipaza sauti na daftari lake. Mtafute aliyekuwa akiitumia, kaa naye, rekodi sauti yake kwa simu yako, umwachie ataje majina. Kisha peleka nakala kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa au makumbusho iliyo karibu nawe, na udai wakuandikie kwamba wameipokea.